Ukoo wa Mpwapwa: Mama Mkubwa na kilomita 42

*Jumapili jioni*

Mama Mkubwa: Mbukwenyi wanaukoo. Natumaini wote mmetoka ibadani salama. Nina taarifa, nimeona niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani. Nimejisajili marathoni ya NBC hapa Dodoma, ile ya Julai. Safari hii si kumi wala ishirini na moja. Ni 42.

Shangazi Mpwapwa: Wifi!

Shangazi Mpwapwa: 42 nini, kilomita??

Mama Mkubwa: Kilomita, wifi. 42 na mita 195.

Mdogo UDOM: Shikamoo Mama Mkubwa. Hongera sanaaa 🙌🏾🙌🏾

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu.

Kaka Dar: Shikamoo Mama. Naomba hili tulizungumze kwanza. Mwaka jana kwenye 21 sikusema neno maana nilikuona unavyojiandaa. Lakini 42 si 21 mara mbili. Una miaka 61. Watu wazima wanaanguka kwenye hizi mbio, tunasoma habari kila siku.

Baba Mdogo Singida: Shemeji, sisi wa Singida tuko nyuma yako. Huku ndiko alikotoka Alphonce Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni, saa 2:09:48. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wameandikiwa muda uleule, ikabidi iangaliwe picha ya mstarini. Sekunde 0.03! Nilikuwa nimesimama mbele ya TV nimeshika kichwa.

Kaka Dar: Baba Mdogo, shikamoo. Simbu siku ile alikuwa na miaka 33, ni askari na kukimbia ndiyo kazi yake. Mama ni mwalimu mstaafu.

Baba Mdogo Singida: Marahaba. Basi tumchukue mzee John Stephen Akhwari. Olimpiki ya Mexico City, 1968. Kaanguka njiani, goti limeumia, limefungwa bandeji, na bado kaingia uwanjani. Mshindi alimaliza kwa 2:20:26, yeye 3:25:27, giza limeshaingia. Dunia nzima inamkumbuka.

Kaka Dar: Hicho ndicho ninachokiogopa! Sitaki kumwona mama yangu anaingia uwanja wa Jamhuri na bandeji gotini watu wanampigia makofi.

Mama Mkubwa: Hapo mwanangu tuko pamoja. Akhwari alitumwa na nchi, akaona lazima afike. Mimi sijatumwa na mtu. Goti likinigomea kilomita ya 18, nitakaa pembeni, nitanunua maji, nitapanda bajaji nirudi Kisasa. Ninamheshimu mno yule mzee, lakini mtu wa umri wangu hakimbii hivyo. Mimi nataka nimalize, na Jumatatu niamke niende Majengo kununua mboga kwa miguu yangu.

Mimi: Mama Mkubwa shikamoo. Kwa nini lakini 42? 21 ilikupendeza sana, hata picha zako tunazo hadi leo.

Mama Mkubwa: Marahaba mama. Nitakujibu, ila ni ndefu kidogo.

Mama Mkubwa: Nilipokuwa sekondari nilikuwa mkimbiaji, Shangazi yako anajua. Pale shuleni kwetu wasichana tulikomea mita 800. Wavulana wakiitwa mbio ndefu, sisi tunaambiwa tukashangilie. Mwalimu wa michezo hakuwa mtu mbaya, ndivyo dunia nzima ilivyoamini, kwamba mwili wa mwanamke hauwezi. Marathoni ya Boston, Marekani, hawakuwaandikisha wanawake rasmi hadi 1972. Olimpiki marathoni ya wanawake ilianza 1984, Los Angeles, akashinda Joan Benoit wa Marekani. Mimi mwaka huo ni msichana wa karibu miaka 20, niko chuo cha ualimu, tayari nimeshaacha kukimbia. Halafu ikaja kazi, ndoa, nyinyi watoto, masahihisho ya madaftari usiku. Sikusikitika, maisha yalikuwa mazuri. Ila nilipostaafu nikatoka kutembea asubuhi, kutembea kukawa mchakamchaka, na mchakamchaka ukanirudishia kitu nilichokuwa nimekiweka kabatini tangu usichana. Umbali ule niliambiwa si wangu. Nataka nikauone mwenyewe.

Shangazi Mpwapwa: Ni kweli. Alikuwa anatuacha wote. Mbio za kwenda kisimani tu tulikuwa hatumpati.

Kaka Dar: Mama hili hukuwahi kuniambia.

Mama Mkubwa: Hukuwahi kuuliza baba 😊 Na mimi sikuwa nimelifikiria kwa maneno hadi siku ya kujisajili.

*Jumapili usiku*

Dada Nesi: Shikamooni wakubwa. Ndiyo natoka zamu, nimesoma ujumbe wote juu hadi chini. Mama Mkubwa, mimi sikukatazi. Ila nina masharti, na naomba Kaka pia asome.

Dada Nesi: La kwanza, vipimo. Presha, sukari, wingi wa damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Mtu wa zaidi ya miaka 50 anayetaka mazoezi mazito asianze kwa kusikiliza stori za vijiweni. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, moyo unarukaruka, au unahema kuliko kasi unayokwenda, unasimama palepale. Humalizii hata nguzo moja ya umeme.

Dada Nesi: La pili, magoti, kwa sababu kila mtu atakwambia yatalika. 2017 ulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi. Kuchakaa kwa nyonga na magoti kulionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wale wasiokimbia kabisa. Waliozidi ni wale wa mashindano ya juu, 13.3. Kwa hiyo kukaa kwenye kochi hakulindi goti. Na kwa mama aliyekwisha koma hedhi, mifupa inapoteza uzito haraka, mazoezi ya kubeba mwili wako mwenyewe yanaisaidia.

Dada Nesi: La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, unajiona mwepesi, unaongeza. Kano hazijazoea. Kano ya kisigino na zile za goti zinataka miezi, na umri ukisogea zinataka zaidi. Wakimbiaji wengi wa umri wako hawaangushwi na moyo, wanaangushwa na haraka. Kijana akikimbia leo, kesho yuko sawa. Wewe upe mwili siku mbili. Hiyo siku ya pili ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi kama ilivyo ile ya kukimbia.

Mdogo UDOM: Dada, lakini Ed Whitlock? Yule mzee wa Canada. Akiwa na miaka 73 alikimbia marathoni ya Toronto kwa 2:54:48, na 2016 akiwa na 85 akamaliza chini ya saa nne. Na mazoezi yake alikuwa anazunguka tu njia za makaburi karibu na nyumbani kwake, polepole, saa hadi saa.

Kaka Dar: Huyo alikimbia tangu ujana, akaacha, akarudi akiwa na arobaini na kitu. Si mfano wa kila mtu.

Mdogo UDOM: Fauja Singh je? Alianza marathoni na miaka 89, London, 2000.

Dada Nesi: Fauja Singh hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ndiyo maana rekodi zake za umri hazikuingia kwenye vitabu. Lakini kwamba alikuwa mzee sana na alimaliza, watu waliona kwa macho. Mimi nachukua kitu kimoja kwa hao wawili. Hawakuwa na haraka mazoezini.

Mdogo UDOM: Mimi nilitaka nimwandalie Mama Mkubwa mazoezi ya kasi kile kilima cha kupandia chuoni 😅

Dada Nesi: Kilima apande kwa kutembea. Kasi aiache.

Mama Mkubwa: Nimesikia yote na nayakubali. Sasa niwaambie ninavyofanya, maana Kaka Dar anadhani naamka tu na kuondoka. Katikati ya wiki ni mizunguko mifupi hapahapa Kisasa, mwendo wa kuongea. Nikishindwa kumsalimia mtu sentensi nzima bila kuhema, nimezidisha, napunguza. Jumamosi ndiyo mbio ndefu, na hiyo nina msaidizi.

Baba Mkubwa: Mimi hapa.

Mama Mkubwa: Baba Mkubwa wenu ananifuata na baiskeli. Tunatoka saa 11 alfajiri tunashika barabara ya Dar, tunapita viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, tunaelekea Ihumwa, tunageuza. Nakimbia dakika nne, natembea moja, tangu mwanzo kabla sijachoka. Kikapu cha mbele kina madumu mawili ya maji, ndizi, na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa. Ninakaa upande wa kulia ili magari yanitazame usoni, maana malori ya alfajiri hayana huruma, na nimevaa kizibao cha kung'aa juu ya trakisuti. Mtandio nimeufunga kichwani kwa sababu ya upepo. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma unakuja na vumbi lake, unakupiga kifuani mchana kutwa, ndiyo maana nataka niuzoee kuanzia sasa wakati ardhi bado ina mvua.

Baba Mdogo Singida: Kaka kumbe na wewe uko mafunzoni!

Baba Mkubwa: Mimi ni maji tu. Lakini nikiwa nyuma yake naona mambo. Akichoka, mguu wa kushoto unaanza kukwaruza chini. Nikisikia kale kamlio napiga kengele, anatembea. Habishi.

Dada Nesi: Baba Mkubwa, hiyo kengele ni muhimu kuliko saa za mkononi wanazonunua vijana. Mama Mkubwa naomba picha ya raba, chini ya soli.

Mama Mkubwa: [picha]

Dada Nesi: Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje hadi ile sponji nyeupe inaonekana. Hizo zimekwisha, zibaki za kuendea bustanini. Raba huvumilia kama kilomita 500 hadi 800. Nunua mpya sasa hivi na siyo wiki ya mbio. Na huo mguu wa kushoto una udhaifu, uanze kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika kitu, na kunyanyua visigino kwenye ngazi, taratibu, mara mbili kwa wiki.

Kaka Dar: Raba nanunua mimi. Mama nitumie saizi.

Mama Mkubwa: 39. Ahsante mwanangu. Uchukue 40, miguu huvimba kwenye mbio ndefu.

Shangazi Mpwapwa: Bibi yuko hapa nimemsomea. Anauliza mkwe wake atakuwa anafukuzwa na nani hizo kilomita zote. Nimemwambia hafukuzwi. Anasema basi ale uji wa uwele kabla ya kutoka, asiende tumbo tupu.

Mama Mkubwa: Mwambie mama nimepokea, uji wa uwele na karanga kidogo ndio ninaokunywa. Shikamoo zake nyingi.

Mimi: Na ule ukuta wanaousema wa kilomita 30, Dada?

Dada Nesi: Upo. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na akiba hiyo kwa watu wengi inaisha karibu kilomita ya 30. Miguu inakuwa mizito ghafla, na kichwa kinaanza kukudanganya. Anayekimbia polepole anatumia mafuta zaidi, kwa hiyo akiba inadumu. Na ale njiani kabla njaa haijamjia, wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani inampa kama 25.

Dada Nesi: Maji anywe akisikia kiu. Nasema hivi kwa sababu Dodoma ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, watu wanaogopa wanakunywa madumu. Maji matupu mengi yanashusha chumvi ya damu. Walipima wakimbiaji wa Boston 2002, asilimia 13 chumvi ilikuwa imeshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni waliokaa njiani muda mrefu wakinywa sana. Huyo ndiye Mama Mkubwa wetu, atakaa njiani muda mrefu. Kwa hiyo dumu moja liwe la chumvi na sukari: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na hakuna kumeza diklofenaki asubuhi ya mbio eti kuzuia maumivu. Figo zinaumia.

Shangazi Mpwapwa: Hiyo ya diklofenaki iandike tena kwa herufi kubwa, huku kila mtu anazimeza kama karanga.

Dada Nesi: USIMEZE DAWA YA MAUMIVU KABLA YA KUKIMBIA.

*Jumatano mchana*

Mama Mkubwa: Nimetoka hospitali. Presha 128/82. Sukari nzuri. Damu nzuri. Moyo daktari ameutazama, kasema niendelee, nirudi mwezi wa sita nipimwe tena.

Dada Nesi: 🙏🏾 Nimefurahi. Safi kabisa.

Kaka Dar: Ahsante Mungu. Mama, siwezi kusema siogopi, bado naogopa. Lakini nimefikiria tangu Jumapili. Nitapanda treni ya SGR Ijumaa jioni niwe Dodoma. Nipe kilomita yoyote nisimame na ndizi.

Mama Mkubwa: Simama kuanzia ile ya 30, mwanangu. Hapo ndipo nitakapomhitaji mtu anayenijua. Ukiniuliza jina lako nikakosea, uniondoe barabarani, sitakasirika.

Kaka Dar: Sawa Mama. Na wewe ukubali nikikuondoa.

Mama Mkubwa: Nimekubali mbele ya ukoo mzima, imeandikwa hapa.

Baba Mdogo Singida: Mimi na watoto tutakaa Jamhuri getini. Na pesa ya mbio hizi inasaidia mapambano ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo hata asiyekimbia ajisajili zile kilomita 5 atembee. Naanza mimi.

Shangazi Mpwapwa: Niandikeni na mimi 5. Kwa kutembea.

Mdogo UDOM: Mama Mkubwa, naomba kuanzia kilomita ya 35 nikimbie pembeni yako kama wakiruhusu. Sitaongea.

Mama Mkubwa: Ongea tu, ndicho kipimo changu.

Baba Mkubwa: Aliyeko mjini leo apite pale Sabasaba aniletee tyubu ya inchi 28. Tairi la nyuma limetoboka mwiba, na Jumamosi tunakwenda Ihumwa.

Mdogo UDOM: Naileta jioni, Baba Mkubwa.