Mjadala: Je, kuwapigia wanyama wa porini sauti zilizorekodiwa kupigwe marufuku?

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo kwa miaka mingi imewagawanya watazamaji wa ndege, wapigapicha na watafiti: je, ni halali mtu kuingia porini na spika, akapiga sauti iliyorekodiwa ya ndege au mnyama ili mwenye sauti hiyo ajitokeze? Jambo hili zamani lilikuwa la watafiti wachache wenye vifaa vizito, lakini leo simu moja ya mkononi inabeba sauti za maelfu ya ndege, na yeyote anaweza kulifanya. Msimamo wangu ni kwamba kupiga sauti hizo kwa ajili ya picha au burudani kupigwe marufuku katika hifadhi zote, na utafiti uruhusiwe kwa kibali.

Wanaopinga marufuku husema kuwa sauti haimjeruhi mnyama kama mtego au jiwe. Hoja hiyo huichukulia sauti ya porini kuwa kelele tu, ilhali ni taarifa ambayo anayeisikia hulazimika kuifanyia kazi papo hapo. Mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa tumbili wa Amboseli, nchini Kenya, ambao walipigiwa rekodi za milio yao wenyewe ya tahadhari bila adui yeyote kuwapo. Waliosikia mlio wa kutahadharisha kuhusu chui walikimbilia mitini. Waliosikia mlio wa tai walitazama juu au kujificha vichakani. Waliosikia mlio wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Katika kila hali, mnyama aliacha alichokuwa akikifanya kwa sababu ya jambo lisilokuwapo.

Hasara ya kuachishwa huko imepimwa, na hapa ndipo ninapoomba wapinzani wangu watulie kidogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Liana Zanette na wenzake waliwapigia ndege wadogo waimbao, katika visiwa vya pwani ya magharibi ya Kanada, sauti za wanyama wanaowawinda kwa msimu mzima wa kuzaliana. Viota vilikuwa vimezungushiwa nyavu na uzio wa umeme ili adui wa kweli asivifikie, na kundi la pili la ndege lilipigiwa sauti za viumbe wasio na madhara. Waliosikia sauti za maadui walitaga mayai machache zaidi, mayai yao mengi zaidi hayakuanguliwa, na wazazi walipunguza safari za kuwapelekea makinda chakula, hata makinda wengi zaidi wakafa. Kwa jumla, idadi ya makinda waliozalishwa kwa mwaka ilipungua kwa 40%, na kilichotofautisha makundi hayo mawili kilikuwa ni sauti walizosikia.

Nakubali kwamba mpigapicha hapigi sauti ya mwewe msimu mzima. Aghalabu hupiga wimbo wa ndege yule yule anayemtafuta, kwa dakika chache. Hata hivyo, kwa dume mwenye eneo lake wimbo huo una maana ya kuvamiwa na mpinzani, kwa hiyo huacha kula na kulinda kiota ili kumfukuza mvamizi asiyeonekana. Akifanyiwa hivyo mara moja pengine hatadhurika, lakini penye njia inayopitwa na makundi mengi ya wageni, dume huyo huyo huitwa tena na tena, na kila kundi huamini kuwa limemsumbua kidogo tu.

Iko hoja nyingine, ambayo naiheshimu zaidi: kwamba udanganyifu wa sauti upo porini tangu awali. Mramba, ndege wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, huiga milio ya tahadhari ya wanyama wengine ili waache chakula chao naye akichukue. Ni kweli, lakini mramba huyo pia hutoa tahadhari za kweli, na akirudia mlio mmoja wa uongo wasikilizaji huanza kuupuuza, ndiyo maana hubadilisha milio. Sauti ya uongo inayorudiwa hupoteza nguvu, na inaweza kumfanya mnyama aipuuze hata ile ya kweli.

Siwezi, hata hivyo, kuunga mkono marufuku isiyo na nafasi ya kibali. Watafiti huwahesabu simba kwa kupiga sauti zinazowavutia, na majaribio ya Lucy King nchini Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kuwa tembo wengi hukimbia wakisikia mvumo wa nyuki. Ujuzi huo ulisaidia kueneza uzio wa mizinga yenye nyuki hai kuzunguka mashamba, jambo linalopunguza ugomvi kati ya wakulima na tembo. Hapo mnyama aliyesumbuliwa, au jamaa zake, wananufaika.

Kwa hiyo kigezo ninachopendekeza ni kuuliza nani anabeba hasara na nani anapata faida. Anayeomba kibali aeleze atapiga sauti gani, kwa dakika ngapi na kwa wanyama gani, na msimu wa kuzaliana asiruhusiwe ila kwa sababu nzito ya uhifadhi. Wanaotaka waongoza watalii waendelee kupiga sauti kwa kiasi, naomba waeleze kiasi hicho ni kipi, na nani atakihesabu wakati kila kundi halijui kundi lililotangulia lilifanya nini.