Naomba ushauri: jioni zangu zimetulia, lakini mimi mwenyewe situlii

Mchovu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kwa miaka 11 nilifanya kazi zamu ya jioni, nikawa ninarudi nyumbani wengine wakiwa wamelala, na kila nilipopita karibu na dirisha lenye mwanga nilitamani siku moja niwe mimi niliyekaa nyuma ya pazia lile. Huu ni mwezi wa tatu tangu nihamishiwe zamu ya mchana. Ninafika nyumbani jua halijatua, ninaoga, tunakula, na ikifika saa mbili usiku sina kazi yoyote inayonidai. Hapo ndipo tabu inapoanza. Ninakaa kitini, baada ya dakika tano ninasimama kuhakikisha kwamba nimefunga mlango, ninarudi, ninashika simu bila kujua ninatafuta nini, na nikija kushtuka ni saa tano na macho yananiwasha. Jioni imekwisha, wala sikumbuki hata kitu kimoja kilichokuwa ndani yake.

Sitafuti dawa ya usingizi, maana nikilala ninalala. Ninachotaka ni kuifurahia jioni yenyewe. Mke wangu huniambia nikae tu, lakini kukaa tu ndiko kunakonishinda, kwa sababu nafsi hunisuta kana kwamba kuna mtu ninamwibia muda wake. Aliyewahi kupitia hali hii alifanyaje?

Mama Mlezi

Pole sana, mwanangu. Nilipostaafu nilisutwa hivyo hivyo kwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo ninakuelewa. Jambo lililonisaidia ni daftari dogo. Kabla ya kukaa, ninaandika kila kinachonisubiri kesho, hata kama ni kushona kifungo kimoja, kisha ninalifunga na kuliweka kabatini. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 utafiti ulioeleza kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa zaidi kuliko kazi iliyokamilika, na mimi naamini akili yako inazunguka kwenye mambo ya namna hiyo: mlango, ujumbe ambao hukuujibu, kifaa ulichokiacha kazini. Ukishayaandika, huna haja tena ya kuyashikilia kichwani. Kuhusu kumwibia mtu muda, jiulize huyo mtu ni nani. Saa hizo ulikwisha kuzilipia mchana.

Fundi Taa

Ndugu, mimi ninaanzia kwenye mwanga, na ninaomba uniwie radhi nikirefusha maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ninaipenda. Watu wengi hukaa jioni chini ya taa ya dari yenye mwanga mweupe, ileile wanayoitumia kufanyia usafi, halafu hushangaa kwa nini mwili haupumziki. Ndani ya jicho mna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona maumbo bali ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku, nazo huamshwa zaidi na mwanga wenye rangi ya samawati, ambao pia hutoka kwenye kioo cha simu. Zikiamshwa, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Tazama pakiti ya balbu yako: iliyoandikwa kelvini (K, kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hutoa mwanga wa manjano wenye uvuguvugu, na ya 6500 hutoa mweupe unaokaribia samawati.

Zima taa ya dari, uwashe taa moja ndogo iliyo chini ya usawa wa macho yako, kando ya kiti. Mwanzoni utaona chumba ni kizito, lakini vumilia, kwa maana macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri. Baada ya hapo utaanza kuona vitu ambavyo taa kubwa huvifuta: kivuli cha kiti ukutani, mvuke unaopanda kutoka kwenye kikombe. Masikio nayo hufunguka. Utasikia paa likialika kwa kuwa linapoa baada ya jua la mchana, na kwa kweli sijui sauti inayonituliza kuliko hiyo.

Asiye na Haraka

Simu ikae chumba kingine. Bila hilo, hayo mengine yote hayatafaa.

Msomaji wa Usiku

Ninakubaliana na waliotangulia, ila ninahofia tusimgeuzie ndugu yetu jioni yake kuwa zamu nyingine yenye masharti. Ninyi ni wawili nyumbani. Chukueni kitabu kimoja, umsomee mkeo kwa sauti kurasa mbili au tatu, naye akusomee usiku unaofuata. Anayesoma hawezi kuwaza mlango, na anayesikiliza ana ruhusa ya kukaa tu, jambo ambalo wewe unasema linakushinda.

Mchovu wa Zamu

Nawashukuru sana. Jana niliandika mambo tisa kwenye karatasi, nikazima taa kubwa, na mke wangu akasoma. Nilisimama mara moja tu. Katikati ya ukurasa wa pili niligundua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa ninatazama mkono wake ukifungua karatasi, na kwamba sikuwa nimeujua mkono huo jioni kwa miaka 11. Swali langu lililobaki ni simu: mama yangu ni mtu mzima, na huenda akapiga usiku.

Asiye na Haraka

Iache chumba cha pili ikiwa na mlio wa juu, na mlango wazi. Mama akipiga, utasikia.