Kwa nini kreta ya Ngorongoro inaonekana kama kilima kwenye picha ya setilaiti ya Desemba?

Mchoraramani: Wakuu, nina picha mbili za Landsat (setilaiti ya kupiga picha za dunia) za Ngorongoro, ya Juni na ya Desemba, zote kaskazini iko juu. Ya Juni naona shimo. Ya Desemba kreta imefura kama chungu kilichofunikwa, ingawa najua fika ina kina cha mita 600 hivi. Kasoro ni ya picha au ya macho? Nataka kuifundishia.

JichoUbongo: Picha ni nzima, mkuu. Shimo lililomulikwa kutoka chini na kilima kilichomulikwa kutoka juu hutoa mpangilio uleule wa mwanga na giza, kwa hiyo retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) haina namna ya kuvitofautisha. Ubongo huamua kwa kuchukulia kwamba mwanga ni mmoja na unatoka juu. Landsat hupita huko saa nne asubuhi na ushei. Juni jua liko kaskazini-mashariki, yaani upande wa juu wa picha, na dhana hiyo inakubaliana na hali halisi. Desemba limehamia kusini-mashariki: ukuta wa kaskazini unang'aa, wa kusini una giza. Juu kweupe, chini kweusi, ubongo unasoma kilima.

Na "juu" hiyo inafuata kichwa chako, si mvutano wa dunia. Mtafiti wa ubongo Ramachandran alilionyesha hilo mwaka 1988. Inama uitazame skrini kupitia katikati ya miguu, kreta itarudi kuwa shimo.

Stereo63: Niongeze kwa nini macho mawili hayaokoi hapa. Yametengana sentimita 6.3 hivi, na ubongo hupima kina kwa tofauti ya picha zake mbili. Mwanafizikia Wheatstone alithibitisha hilo mwaka 1838 kwa vioo viwili. Mwaka 1960 mtafiti wa uoni Julesz akaonyesha kwamba hata nukta zilizotawanywa ovyo, zisizo na kivuli wala umbo, zinatosha kuleta kina. Lakini skrini ni bapa. Macho yote yanapata picha ileile, na ukisogeza kichwa hakuna kinachopishana. Kinabaki kivuli peke yake.

Mchoraramani: Kwa hiyo niigeuze nyuzi 180?

Mwinuko_GIS: Inafanya kazi, ila kusini itakaa juu na wanafunzi watapotea. Tumia ya Juni. Ikilazimu ya Desemba, chukua data za mwinuko za SRTM (vipimo vya rada kutoka angani) za mita 30, tengeneza tabaka la kivuli kwenye QGIS (programu ya ramani) kwa azimuthi 315 (uelekeo wa mwanga kwa nyuzi kutoka kaskazini, yaani kaskazini-magharibi) na kimo cha mwanga cha nyuzi 45, liweke juu ya picha kwa modi ya Multiply (inayotia giza penye kivuli), ukolezo (opacity) asilimia 40 hivi. Wengi huharibu hapa: wanaweka azimuthi ya jua halisi, karibu 127, ili vivuli vilingane, na kilima kinazidi kufura. Jua la saa nne haliwi kaskazini-magharibi kamwe. 315 ni kwa ajili ya jicho. Ukizidisha ukolezo, kivuli cha kweli na cha kutengenezwa vinafutana, kuta zinakuwa bapa.

Waelekeze pia waanze na Ziwa Magadi lililo sakafuni. Maji hukaa pa chini, na kwa baadhi ya watu umbo hugeuka wakilikazia macho.