Kuacha ofisi ukaongoze wapanda milima: uache moja kwa moja, uanze na wikendi, au uombe likizo bila malipo?

Mhasibu_Mchovu:
Wakuu, habari za muda. Naomba mawazo yenu, na msinionee huruma. Nipo kwenye uhasibu. Kazi si mbaya, bosi si mkorofi, mshahara unaingia kwa wakati. Ila kila nikifunga hesabu za mwezi, akili iko mlimani. Napanda tangu nikiwa chuo, na wenzangu wa kazini nimeshawapeleka mara kadhaa wakarudi salama na wakataka tena. Sasa nataka hiyo iwe ndiyo kazi yangu.

Naona njia tatu. Ya kwanza, naandika barua ya kuacha kazi, nasoma kozi, naanza. Ya pili, nabaki na ajira na kuongoza wikendi na sikukuu mpaka jina likue. Ya tatu, naomba likizo bila malipo ya msimu mmoja nikaionje kazi yenyewe. Nina mke na mtoto mdogo, na akiba ya kutusogeza kwa muda ipo. Ipi kati ya hizo?

Kamba_na_Buti:
Mkuu, kabla hujachagua njia, hakikisha unapajua unapokwenda. Wewe unapenda kupanda mlima. Kazi ni kupandisha watu. Ukiwa peke yako unakwenda mwendo wako na unasimama unapotaka. Ukiongoza unakwenda mwendo wa aliye nyuma kabisa, kwenye njia ileile uliyopita juzi, na macho yako yanakaa kwenye nyuso za watu. Mandhari waachie wao.

Nikupe mfano mmoja. Jioni, kambini, juu ya mita 4,000. Mteja amekaa mlangoni mwa hema, sahani mapajani, chakula hakijaguswa. Unamuuliza, anasema yuko poa, uchovu tu. Amelipa hela nyingi, amefanya mazoezi miezi na miezi, hawezi kukwambia kwamba kichwa kinamgonga. Unakaa naye, unapiga soga, huku unamwangalia vidole anavyohangaika na kamba za viatu. Unamwomba atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, mjadala umekwisha. Ubongo ukianza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, tiba ya uhakika ni kushuka, na anashuka usiku huohuo, si asubuhi. Wewe ndiye wa kumwambia. Atakasirika, pengine atalia. Na wenzake wote wanakutazama, wanataka kujua kama safari yao nayo imeishia hapo.

Kama maongezi ya namna hiyo yanakutisha kuliko kikao na wakaguzi wa hesabu, baki ofisini. Kama hayakutishi, mimi nakwambia njia ya pili. Anza na wikendi, mshahara uendelee kuingia.

Bibi_Ramani:
Kamba, kazi umeieleza vizuri, ila hapo kwenye wikendi nakupinga. Wikendi inadanganya. Ni safari ya siku moja, kundi la watu unaowajua, na mvua ikitishia mnaahirisha. Kazini huahirishi kirahisi: mgeni amekata tiketi ya ndege na ratiba yake ina siku zilizohesabiwa.

Halafu kuna mwili. Mtu wa wikendi Jumatatu anapumzisha miguu chini ya meza. Kwenye msimu unarudi leo, kesho unapokea kundi jingine. Na kinachomaliza magoti ni kushuka, si kupanda. Ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku inavutwa, hatua baada ya hatua, na mgongoni una begi lenye vitu vya dharura vya watu wote. Safari moja haikwambii kama goti lako litavumilia. Msimu utakwambia.

Mimi nilikuwa idara ya rasilimali watu, nikaacha moja kwa moja, na nafsi yangu imetulia. Lakini sikuwa na mtu wa kumlisha. Kwako wewe naona njia ya tatu.

Msema_Chochote:
Mnazunguka tu. Hela ipo au haipo?

Jedwali_Kali:
Ipo, ila haiji kama mshahara, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mtu anachukua malipo ya mwongozaji kwa siku, anayalinganisha na mshahara wake wa siku, anaona ametajirika. Waongozaji wengi wanalipwa siku za safari tu. Mvua kubwa au theluji ikifunga njia, hakuna safari, na hakuna hela. Bakshishi usiiweke kwenye hesabu kabisa. Ikija, ni heri.

Mhasibu, hii ni fani yako. Chukua siku za safari unazoweza kuzipata kwa mwaka bila kujipendelea, zidisha kwa malipo ya siku, kisha anza kutoa: bima ya afya na ya ajali, michango ya uzeeni ambayo sasa mwajiri anakuchangia, buti na koti zinazochakaa, kozi ya huduma ya kwanza inayotakiwa kurudiwa kila baada ya muda. Kinachobaki gawa kwa 12. Ukishapata jibu, rudia hesabu ukijifanya umevunjika kifundo cha mguu katikati ya msimu.

Na kuna njia ya nne hukuitaja. Hao wanaoendesha safari za milimani wanahitaji mtu wa kupanga bei, kulipa wapagazi kwa wakati na kufuatilia vibali. Kazi hiyo wengi inawashinda, na wewe unaijua ukiwa umelala. Ingia kwa mlango huo, nusu ofisi nusu mlima. Msimu ukichanganya wanakosa watu, unapanda. Msimu ukikata, bado una dawati.

Msema_Chochote:
Yaani akimbie ofisi aingie ofisi 😂

Jedwali_Kali:
Ofisi ambayo mpaka bosi anavaa buti. Kuna tofauti.

Bibi_Ramani:
Niongeze kuhusu vyeti, maana watu huwa wanatupa miaka hapa. Masharti yanatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo anza na mamlaka ya hifadhi au ya utalii ya huko unakotaka kufanyia kazi. Ila kwa upana, hizi ni kazi mbili. Kuna wanaoongoza kwenye njia za miguu, bila kamba wala barafu. Vyama vyao vya nchi mbalimbali vina shirikisho, UIMLA, lililoanzishwa 2004. Na kuna wale wa miamba, barafu na kuteleza kwenye theluji, wenye shirikisho lao, UIAGM, tangu 1965. Hawa wa pili ni ukoo wa zamani. Kule Chamonix, Ufaransa, waongozaji walianzisha umoja wao mwaka 1821. Mafunzo yao ni ya miaka, na wanakupima kupanda kwako kwanza kabla hawajakupokea. Kama ndoto yako ni kupeleka watu kwenye njia za miguu, cheti cha barafu hakikuhusu.

Usichokwepa ni huduma ya kwanza ya maeneo ya mbali. Ile ya nusu siku mliyofundishwa ofisini inakutayarisha kumshikilia mtu mpaka gari la wagonjwa lifike. Mlimani gari halifiki. Kozi iliyokamilika ina kama saa 70 hadi 80, na inakufundisha kukaa na mgonjwa usiku kucha, kumzuia asipoteze joto, na kuamua kama anabebwa au anatembea.

Na jifunze kukadiria muda. Mskoti mmoja, Naismith, aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo mpaka leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mita 900 za kupanda ni saa tatu na nusu. Hapo ni mtu mwenye pumzi na asiyepumzika. Kundi lenye watu wa ofisini kama wewe, ongeza, na uhesabu giza linaingia saa ngapi.

Mhasibu_Mchovu:
Asanteni sana. Jedwali nimelichora. Njia ya kwanza imekufa: nikiweka kifundo kilichovunjika, akiba inakwisha kabla mguu haujapona.

Ila kilichonishangaza ni mke wangu. Nilidhani ataipenda njia ya pili kwa sababu mshahara unabaki. Akasema hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Jumatatu mpaka Ijumaa mimi ni wa ofisi, Jumamosi na Jumapili ni wa mlima, sasa mtoto wa nani? Afadhali msimu mmoja niondoke kwelikweli, nirudi, ijulikane. Kwa hiyo nimebaki na ya tatu, na ya nne naiweka akiba. Bosi nimwambieje?

Bibi_Ramani:
Nakujibu kama mtu niliyekaa upande wa pili wa meza. Usimwambie unakwenda kujitafuta. Mwambie tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na nani atashika kazi zako. Chagua kipindi ambacho hesabu za mwaka zimeshafungwa. Na kila kitu kiwe kwa maandishi: kwamba nafasi yako inakungoja, bima inaendelea au inasimama, michango ya uzeeni nani anailipa. Mwenzetu mmoja aliahidiwa kwa mdomo tu. Aliporudi kiti kina mtu, na aliyeahidi alishahama idara. Soma pia mkataba wako kama unaruhusu kulipwa kwingine ukiwa likizo. Mingine hairuhusu.

Kamba_na_Buti:
Bibi umenishinda kwenye wikendi, nakubali, hasa kwa hoja ya shemeji. Mhasibu, ukipokelewa mahali, usiombe kuongoza. Omba kuwa msaidizi, na uombe kukaa nyuma ya msafara. Mbele kuna njia tu. Nyuma ndiko unakoona nani anachechemea, nani ameacha kuongea, nani anaficha malengelenge. Na mwangalie kiongozi wako anavyoamua kugeuza kundi zima. Hilo hakuna kozi inayolimaliza.

Mhasibu_Mchovu:
Barua inaingia Jumatatu. La mwisho, wakuu: niende na buti zangu za zamani au ninunue mpya?

Kamba_na_Buti:
Za zamani, kama soli bado ina meno. Ukinunua mpya, anza kuzivaa ofisini hizi wiki zilizobaki.