Mwongozo wa Git useme wazi: fsckObjects inakagua nini, na nini haikagui?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mada yangu inahusu kurasa chache tu za mwongozo wa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ila wanaozielewa kinyume ni wengi, wakiwemo wanaolipwa kusimamia seva.

Hoja ni hii: maelezo ya transfer.fsckObjects, mpangilio wa kukagua data inayohamishwa, pamoja na ndugu zake wawili fetch.fsckObjects (wa kuvuta) na receive.fsckObjects (wa seva kupokea), yaandikwe upya. Yaanze kwa kusema Git inakagua nini hata mipangilio hiyo ikiwa imezimwa, ndipo yaseme kuiwasha kunaongeza nini.

Ushauri unaorudiwa kila leo ni kwamba Git haikagui uzima wa data hadi uwashe transfer.fsckObjects. Si kweli. Unapovuta kazi kutoka seva, objekti (faili, miti ambayo ni orodha za saraka, na komiti ambazo ni kumbukumbu za mabadiliko) zinakuja zimefungwa kwenye pakiti bila majina. Git ya upande wako ndiyo inayokokotoa heshi ya kila objekti, yaani alama inayotokana na yaliyomo, na heshi hiyo ndiyo inayokuwa jina lake. Pakiti yenyewe ina heshi yake mwishoni. Isipolingana na kilichofika, zoezi linakatika hapohapo. Kisha Git inafuata viungo kuanzia kwenye matawi mapya, kuhakikisha kila komiti, mti na faili inayotajwa ipo. Yote haya yanafanyika mpangilio ukiwa false, na false ndiyo chaguomsingi.

Sasa fsckObjects inaongeza nini? Inaifungua objekti na kutazama umbo lake. Heshi inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado komiti ikakosa barua pepe ya mwandishi, au mti ukawa na majina yasiyofuata mpangilio unaotakiwa, au ukabeba ndani yake kitu kinachoitwa .git (jina la saraka ambamo Git huweka mambo yake), ambacho ni hatari wala si uchafu tu. Muhuri usiovunjwa unakuambia bahasha haikufunguliwa njiani; barua inasema nini, hilo muhuri haulijui.

Mwongozo wenyewe unachangia mkanganyiko. Unasema ukiwasha, uvutaji utakatishwa endapo kuna objekti yenye umbo baya au kiungo kinachoelekea kwenye objekti isiyokuwepo. Msomaji wa kawaida atahitimisha nini? Kwamba asipowasha, viungo havitazamwi. Halafu kwenye fetch.fsckObjects unasema chaguomsingi ni false, na sentensi inayofuata inasema usipoiweka, itachukuliwa thamani ya transfer.fsckObjects. Tushike lipi? Linalotokea ni hilo la pili: false inabaki tu pale ambapo zote mbili hazijawekwa. Kulieleza hilo kunahitaji mstari mmoja.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja.

Msimamizi wa seva

Mkuu, nakubali nusu. Uchambuzi wako uko sawa, ila unachoomba ni kidogo mno. Watu hawasomi mwongozo mpaka mambo yaharibike. Badala ya kubishania sentensi, chaguomsingi ligeuzwe kuwa true na mjadala uishe.

Kumbukeni Desemba 2014, udhaifu wa usalama uliosajiliwa kama CVE-2014-9390. Mti ungeweza kubeba kitu kilichoandikwa .GIT au .Git. Kwenye Windows na Mac, ambako mifumo ya faili kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kuuchota mti huo kungeandika ndani ya saraka halisi ya .git na kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha amri kwenye mashine yako. Mei 2018 ikaja CVE-2018-11235, safari hii kupitia majina ya moduli ndogo (miradi iliyopachikwa ndani ya mwingine) ndani ya faili ya .gitmodules. Mara zote mbili heshi zilikuwa sahihi. Kilichoiwezesha seva kuzikataa objekti hizo mlangoni, kabla hazijamfikia mtu ambaye hajasasisha Git yake, ni ukaguzi wa fsck wakati wa kupokea.

Kwa hiyo mkuu, usije ukaandika mwongozo unaowafanya watu waseme “kumbe hata bila kuwasha niko salama”.

Mtunza repo za zamani

Geuza chaguomsingi leo uone kesho watu wangapi watashindwa kunakili miradi wanayoitegemea.

Kuna repo (hifadhi za miradi) zenye miti iliyoandikwa na programu za miaka ya mwanzo, ambazo ziliweka sifuri mbele ya namba za ruhusa za faili. Git inaliita kosa hilo zeroPaddedFilemode. Halimuumizi mtu. Ukiendesha git fsck, amri ya kukagua vilivyomo kwenye repo yako, unapata onyo tu na maisha yanaendelea. Lakini fsckObjects ikiwa imewashwa, objekti ileile inakatisha uvutaji, kwa sababu ukaguzi wa wakati wa kuhamisha data ni mkali zaidi: kilichokuwa onyo kinahesabiwa kosa. Mleta mada hajaligusa hili, na kwangu ndilo lililopaswa kuandikwa kwa herufi nzito.

Na usiniambie “rekebisha historia”. Ukibadilisha mti mmoja wa zamani, heshi ya komiti yake inabadilika, na ya kila komiti iliyoifuata. Sahihi zilizowekwa kwenye komiti hizo zinakufa. Kila aliyenakili anabaki na historia isiyokutana na yako. Yote hayo kwa sifuri moja.

Njia ipo, nayo ni skipList: faili ya maandishi yenye heshi kamili za objekti zenye kasoro inayojulikana, moja kila mstari. Tangu toleo la 2.20 unaweza kuweka na maelezo yako baada ya alama ya #. Mwongozo unashauri vizuri hapa, tuupe haki yake: unasema ni bora kuorodhesha objekti zenyewe kuliko kuiambia Git ipuuze aina nzima ya kosa, kwa sababu ukipuuza aina nzima, kosa jipya la namna hiyohiyo litapita bila mtu kuliona.

Mtego uko kwingine. Watu wanaweka fsck.skipList, wanaendesha git fsck, kimya, safi. Kisha mtu anasukuma repo ileile kwenda seva na seva inakataa. Wanaanza kulaumu mtandao! Sababu ni kwamba fetch.fsck na receive.fsck hazirithi chochote kutoka fsck. Lazima uweke sehemu zote tatu, thamani zilezile. Mwongozo unalitaja, lakini tazameni ajabu yake: fetch.fsckObjects inarithi kutoka transfer.fsckObjects, huku fetch.fsck.skipList hairithi kutoka fsck.skipList. Majina yanafanana, tabia zinapishana. Anayesoma moja na kukisia nyingine atapotea, na sioni kwa nini tumlaumu.

Chaguomsingi libaki lilivyo. Maandishi yabadilike.

Mchangiaji wa nne

Mimi napinga mada yenyewe. Mwongozo wa mpangilio unapaswa kusema mpangilio unafanya nini, basi. Ukianza kueleza Git inakokotoa heshi wakati gani, inafuata viungo vipi, nani anaita nani, umeshageuza utekelezaji wa ndani kuwa ahadi. Kesho watengenezaji wakitaka kubadilisha namna ya kufanya kazi, watu watawatolea mwongozo: “mlisema!” Ndiyo maana ndani ya maelezo hayohayo, panapozungumzwa tofauti kati ya kuvuta na kupokea, wanaonya kwamba tofauti hiyo isitegemewe.

Zaidi ya hapo, maandishi marefu hayasomwi. Mercurial, programu nyingine ya kazi ileile, wana server.validate, inayohakikisha kwamba mabadiliko yaliyosukumwa yamekuja na faili zake zote. Maelezo yake ni sentensi mbili tatu: inakagua hiki, chaguomsingi ni False. Sijawahi kuona mtu akigombana juu yake.

Mleta mada

Mkuu wa nne, umetaja palepale ninapopataka.

Tofauti hiyo ya kuvuta na kupokea ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba mwongozo ukae kimya. Seva inapopokea, objekti mpya zinawekwa kwanza karantini. Ukaguzi ukifeli, zinatupwa na hifadhi inabaki safi. Kwenye kuvuta hakuna karantini. Objekti zinaandikwa moja kwa moja kwenye hifadhi yako. Ukaguzi ukifeli, amri inakataa, lakini objekti mbovu inaweza kuwa imeshaingia, haijaelekezwa na tawi lolote, imekaa tu. Ukivuta tena, Git inakagua zinazoingia upya. Zile za mwanzo tayari unazo, kwa hiyo hazikaguliwi, na uvutaji wa pili unaweza kufaulu.

Yaani mtu anaona kosa, anajaribu tena, inapita, anadhani ulikuwa mtandao. Hilo ni jambo la ndani lisilomhusu msomaji? Mwongozo unalieleza, nakiri, lakini unalizika chini kabisa ya aya ndefu. Hapohapo chini ndipo ulipo ushauri mzuri kwa mwenye kutunza nakala ya ndani ya mradi wa nje: vuta kwenye repo moja ya kupokelea, kisha sukuma kutoka hapo kwenda repo nyingine ambako karantini inafanya kazi, na watu wako wavute kutoka hiyo ya pili.

Mercurial nawapongeza kwa ufupi wao. Ila mpangilio wao ni mmoja, upande mmoja. Git wana mitatu inayorithiana, na mingine inayofanana nayo isiyorithi. Ufupi wa sentensi mbili hautoshi hapo.

Kwa msimamizi: sisemi watu waache kuwasha. Kwenye seva yoyote inayopokea kazi za watu usiowajua, receive.fsckObjects iwashwe, na mwongozo useme hivyo bila kumung’unya maneno. Hilo la kugeuza chaguomsingi kwa kila mtu ndilo tunalopishana, na aliyezungumzia repo za zamani amekujibu vizuri kuliko mimi.

Mchangiaji wa tano

Mbona hamgusi SHA-1, kanuni ambayo Git huitumia kukokotoa heshi? Mwaka 2017 Google na taasisi ya utafiti ya CWI ya Amsterdam walionyesha faili mbili tofauti zenye heshi moja. Heshi mnayoitegemea imeshavunjwa.

Msimamizi wa seva

Mada nyingine hiyo, mkuu. Git ilianza kutumia SHA-1 inayogundua mashambulizi ya aina hiyo kuanzia toleo la 2.13, mwaka uleule, na mtu anaweza kuunda repo ya SHA-256 tangu 2.29. fsckObjects haihusiki.

Kama mnataka mfano unaohusika, chukueni mradi wa programu huria wa KDE, Machi 2013. Seva kuu yenye repo kama 1,500 iliharibika mfumo wake wa faili. Seva za nakala zikafuata uharibifu kwa uaminifu: orodha ya miradi iliharibika kwenye seva kuu, nazo zikafuta repo ambazo hazikuonekana tena kwenye orodha. Waliokolewa na seva moja iliyokuwa bado na nakala nzima. Katika uchunguzi ikaonekana kwamba kunakili repo iliyoharibika kuliweza kumalizika bila kosa lolote, kwa kuwa wakati ule git clone haikuwa ikifuata viungo namna uvutaji wa kawaida ulivyofanya. Mwaka uleule ikaongezwa.

Mnaona? Utekelezaji ulibadilika. Kama mwongozo ungekuwa umeahidi kimyakimya kwamba viungo hukaguliwa, ungekuwa umewadanganya watu wa KDE. Hapo namwelewa wa nne.

Mwanagenzi

Samahani wakubwa zangu, swali dogo. Nikiwasha transfer.fsckObjects leo, vilivyomo tayari kwenye repo yangu vinakaguliwa?

Mtunza repo za zamani

Hapana, mdogo wangu. Inahusu vinavyoingia tu. Vilivyomo endesha git fsck wewe mwenyewe, na usishtuke ukiona maneno “dangling commit”; hizo ni objekti zisizoelekezwa na chochote, mara nyingi mabaki ya kazi uliyoiacha au kuiandika upya.

Swali hilo liingie kwenye mwongozo pia.

Mleta mada

Linaingia. Mfano wa KDE nao umenifanya nipunguze: badala ya kueleza kila hatua ya ukaguzi wa kawaida, rasimu yangu inasomeka hivi.

“Mpangilio huu ukiwa umezimwa, Git bado inahakikisha kwamba heshi za data iliyofika zinalingana na yaliyomo. Ukiuwasha, inakagua pia umbo la objekti zinazoingia, na kukataa zenye kasoro, hata zile ambazo git fsck huzitolea onyo tu. Objekti zilizokuwemo hazikaguliwi. Wakati wa kuvuta, objekti iliyokataliwa inaweza kubaki kwenye hifadhi; usichukulie uvutaji wa pili uliofaulu kuwa ushahidi wa usalama.”

Mkuu wa nne, ukiona sentensi ya mwisho inafunga mikono ya watengenezaji, leta maneno yako badala yake, ila yasiondoe onyo.

Mchangiaji wa nne

Weka “kwa sasa” mwanzoni mwake, nami naunga mkono. Sentensi ya kwanza bado siitaki.