Uchumi wa sekondari umegeuzwa somo la kumeza notsi, na wanaoumia ni wanafunzi

Wakuu, hili nalisema bila kupepesa macho. Uchumi wa miaka ya mwisho ya sekondari unafundishwa vibaya. Mwanafunzi anamezeshwa "faida nane za hiki, hasara sita za kile", halafu akiwekewa jedwali la bei na mauzo anaduwaa. Kisha anaambiwa mvivu!

Chukueni unyumbufu wa mahitaji, yaani kipimo cha jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia bei ikibadilika. Notsi zinampa kanuni: badiliko la kiasi kwa asilimia, gawanya kwa badiliko la bei kwa asilimia. Mada imeisha. Sasa bei ipande kutoka 10 hadi 12, mauzo yashuke kutoka 100 hadi 80. Atagawanya asilimia 20 kwa asilimia 20, apate 1 (alama ya kutoa tuiache), aandike kwamba mapato ya muuzaji hayakubadilika, kwa kuwa ndivyo alivyokaririshwa kuhusu 1. Zidisheni wenyewe: 10 mara 100 ni 1,000, lakini 12 mara 80 ni 960. Mapato yameshuka.

Geuzeni swali, bei ishuke kutoka 12 hadi 10. Kanuni ile ile inatoa 1.5. Namba hazijabadilika, majibu ni mawili, na darasani hakuna anayeeleza kwa nini. Sababu ni kigawanyo: 2 ni asilimia 20 ya 10, ila ni asilimia 16.7 tu ya 12; na mauzo 20 ni asilimia 20 ya 100, ila ni asilimia 25 ya 80. Dawa ni kugawanya kwa wastani wa namba mbili. Kiasi: 20 kwa 90, asilimia 22.2. Bei: 2 kwa 11, asilimia 18.2. Unyumbufu ni 1.22 uende urudi, na kwa kuwa umezidi 1, mapato kushuka bei ilipopanda hakushangazi tena. Kazi ya dakika chache ubaoni, na bado inarukwa.

Kibaya zaidi, wanafundishwa kusoma unyumbufu kwa macho kwenye mchoro wa mahitaji (mstari wa bei na kiasi): mstari umelala, unyumbufu mkubwa, umesimama, mdogo. Huo mfano wa juu ni mstari mmoja ulionyooka: kiasi ni 200 kutoa mara 10 ya bei. Bei ikiwa 5, unyumbufu wake ni 0.33. Bei ikiwa 15, ni 3. Mwinamo, yaani ukali wa mteremko wa mstari, haujabadilika hata kidogo! Na mwinamo wenyewe unawachanganya, maana kwenye hesabu kinachosababisha huwekwa mhimili mlalo, ila kwenye uchumi bei inakaa wima, desturi iliyokita kupitia mchumi Mwingereza Alfred Marshall. Ukipima mwinamo kwenye mchoro unapata moja ya kumi, si kumi. Kumwambia mwanafunzi hivyo kunahitaji sentensi moja tu.

Kuna na ile hoja inayojirudia kwenye karatasi za majibu: "bei ikipanda mahitaji yanapungua, mahitaji yakipungua bei inashuka, kwa hiyo bei itarudi ilipokuwa." Hapo amechanganya kutembea juu ya mstari na mstari wenyewe kuhama. Bei ya bidhaa hiyo ikibadilika, tunatembea juu ya mstari ule ule. Kipato, bei ya bidhaa mbadala au idadi ya wanunuzi ikibadilika, ndipo mstari unahama. Akariri faida mia moja, bila hili hawezi kujibu swali lolote la soko.

Mfumuko wa bei nao ni hivyo hivyo. Faharisi, yaani namba inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla, ikitoka 100 hadi 110, kisha 115.5, mfumuko umeshuka kutoka asilimia 10 hadi 5. Wengi wataandika kwamba bei zimeshuka, wakati bei hazijaacha kupanda.

Watunga mitihani, lawama ni yenu pia. Mkiendelea kuuliza "taja na ueleze", walimu wataendelea kugawa orodha. Wekeni jedwali lisilo na majina ya mada, mwanafunzi akokotoe, achore, aandike majina kwenye mihimili yote miwili, aeleze mstari umehama au la, na alama nyingi ziende kwenye sababu.