Nyumba za kulala siku mbili tatu mitaani Mbeya: ziachwe zilivyo au ziwekewe utaratibu?

Mleta mada (Forest): Wana Mbeya, naomba hili tulijadili bila matusi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwa amepanga mwalimu na familia yake, miaka mingi. Mkataba ulipoisha, mwenye nyumba akagoma kuuongeza. Akapaka rangi, akafunga hita ya maji na intaneti, akaweka picha Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku chache, sasa inalipiwa kwa usiku. Jumatatu gari lenye namba za Zambia, Ijumaa vijana sita waliokuja harusini.

Nyumba ni yake, hilo silipingi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna ajuaye nani kalala pale. Nenda gesti yoyote Mwanjelwa, hata ya bei ya chini kabisa, utaandika jina, unakotoka na unakokwenda kabla hujashika ufunguo. Hapa ufunguo anaachiwa mlinzi. Mjumbe alipouliza, akajibiwa ni wageni wa familia.

Msimamo wangu: zisifungwe, ila ziwe na kitabu cha wageni, na msimamizi aishi jirani. Mnasemaje?

Wa Kyela: Umeliona gari la Zambia, mama yangu hukumwona. Alilazwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda siku 11, tukaja ndugu wanne kumuuguza. Gesti huruhusiwi kupika, na mama chakula cha kununua hakimpiti kooni. Anataka uji wa ulezi asubuhi, mchana ndizi zilizopondwa. Tukapata nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la gesi, tukachangishana, ikatoka nafuu kuliko gesti. Mwenye nyumba akatuletea na mablanketi ya ziada bila kuombwa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai hapa mnaijua. Tafadhali msitunge taratibu za kutuumiza sisi tunaotoka wilayani.

Wa Soweto: Mama apone, ndugu. Lakini mimi nina gesti. Nalipia leseni, nalipa wafanyakazi, nina mitungi ya kuzimia moto, wakaguzi wanakuja. Nane Nane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, ndiyo msimu wetu, na huyo asiye na leseni anachukua wageni walewale. Wenzetu wameshachukua hatua. New York tangu Septemba 2023, anayepangisha nyumba yake chini ya siku 30 lazima ajiandikishe na awemo humo ndani, na wageni wasizidi wawili. Barcelona, meya Jaume Collboni alitangaza Juni 2024 kwamba leseni zote 10,101 za nyumba za watalii zitakoma kufikia Novemba 2028.

Wa Iyunga: Mimi ndiye mnayemsema, nina vyumba viwili vya wageni. Kitabu nitaandika, leseni nitalipia. Kumpelekea mjumbe majina, hapana. Wapo wanaokuja kwa matibabu wasiyotaka yajulikane, na mitaa yetu ina maneno. Polisi akija na sababu, kitabu hiki hapa.

Mleta mada: Wa Iyunga, nimekuelewa, na hapo nabadilika. Kitabu kikae kwako, mjumbe apewe namba yako ya simu tu, ili saa nane za usiku kukiwa na kelele tujue wa kumpigia.

Wa Soweto, suala la leseni nakuunga mkono, usawa ni usawa. Barcelona tusiige. Kule wamezidiwa na watalii hadi wenyeji hawapati pa kupanga. Wageni wetu wengi ni wa kama huyu ndugu wa Kyela, wazazi wanaoleta watoto vyuoni, wafanyabiashara wa njia ya Tunduma. Ukizifunga, unawafungia wao. La New York la mwenyeji kuwepo ndilo linalotufaa, japo si lazima alale chumba cha pili. Hata nyumba ya jirani inatosha.

Wa Uyole: Na mwalimu je? Mnagawana wageni, yeye mmeshamsahau.

Mleta mada: Sijamsahau. Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha matumizi ampe mpangaji taarifa miezi mitatu, kwa maandishi, na jiji lisimpe leseni kabla haijaisha. Huyu alipewa wiki tatu, katikati ya muhula. Amehamia huko kwenu Uyole, watoto bado wanasoma Forest. Wanaondoka nyumbani kungali giza, daladala mbili kwenda, mbili kurudi.